Dawa Iliyosubiri Jibu

Juzi mjukuu wangu alipatwa na homa, nikaagiza dukani dawa ya maji. Nilipofungua kizibo, ile harufu ya sukari iliyochemshwa pamoja na kitu kichungu ikanipanda puani, na mkono ukakataa kumimina. Nikampa mkaza mwanangu chupa na kijiko ampimie yeye. Nilimwambia macho yangu siku hizi hayaoni vizuri. Macho yangu hayana shida yoyote.

Sisi tuliokulia Bangwe miaka ile ya Ujamaa tuliijua harufu hiyo kabla ya kuijua dawa yenyewe. Ilitoka kwenye ghala la zamani la mawese, pale kando ya ziwa, ambalo kwa muda mrefu lilikuwa mali ya popo na mbuzi. Siku moja walikuja watu wa serikali na lori, wakafukuza popo, wakapaka kuta chokaa, wakaingiza masufuria ambayo mtu mzima angeweza kukaa ndani yake. Siku ya kufungua, mkubwa mmoja alisimama juu ya meza akasema kwa sauti kubwa kwamba sasa tutajitegemea hata kwenye dawa, na kwamba kuanzia leo malaria itafungasha virago iondoke Bangwe. Watu walipiga vigelegele. Mimi nilikuwa na miaka saba, nikalichukua neno hilo kama lilivyosemwa. Nilikaa barazani hadi magharibi nikiitazama njia ya kwenda mjini, nimwone malaria akipita na mizigo yake. Nilimtarajia mtu mwembamba aliyejifunika blanketi, kwa sababu kila niliyemwona na malaria alikuwa amejifunika blanketi.

Mama, ambaye kazi yake ilikuwa kuanika dagaa wa baba kwenye mchanga, alikuwa mmoja wa wanawake wa kwanza kuandikwa kazi. Waliosha chupa. Alirudi nyumbani vidole vimekunjamana kwa maji ya moto, kanga inanuka ile sukari chungu, na mdogo wangu Hamisi, aliyekuwa bado ananyonya, alilala vizuri kwenye kanga hiyo kuliko kwenye nguo nyingine yoyote. Nilijua kwa hakika ya kitoto kwamba harufu ile yenyewe ni dawa. Mtoto wa mfanyakazi wa kiwanda cha dawa angeumwaje?

Na kiwanda kilikua. Kwanza lilikuja boila, na bomba lake la moshi likawa refu kuliko michikichi. Halafu king'ora, ambacho mwalimu mkuu alikitumia badala ya saa yake. Likajengwa jengo la pili, kisha la tatu. Maji yaliyooshea chupa yalitiririka kwenye mfereji mpaka ziwani, yangali na uvuguvugu, na watoto wote wa Bangwe tuliogea humo asubuhi za baridi, tukitoka tunanuka kama biskuti. Nyuki walikuja kutoka sijui wapi, wakajaa kwenye madirisha ya chumba cha sukari. Walikuja watu wa Simbo na wa Kidahwe, waliotembea tangu alfajiri, wakakaa getini kungoja majina yaitwe. Mama Bukuru, jirani yetu aliyetoka Kasulu, akaanza kuwauzia mihogo ya kuchemsha na migebuka ya kukaanga. Alimsalimia kila mteja kwa Kiha, "Mwakeye!", hata waliotoka Tanga na hawakujua kuitikia.

Kisha ukaja uzio wa waya. Ulipita katikati ya mchanga ambao wanawake walikuwa wakianikia dagaa, na upande mzuri, ule usiofikiwa na mawimbi, ukabaki ndani. Nakumbuka baba amesimama na kapu lake la dagaa wabichi akiutazama waya huo. Hakugombana na mtu. Ungemgombeza nani? Waliouweka ni serikali, serikali ni sisi, na mkewe anafanya kazi humo ndani. Alizunguka, akaanika kwenye mawe, na dagaa wetu wa mwaka huo walikuwa na changarawe.

Meneja alikuwa Bwana Mfinanga, Mpare aliyehamishiwa kwetu kutoka Dar es Salaam, mtu mrefu mwenye baiskeli nyeusi na shati jeupe lililofungwa mpaka kifungo cha juu. Ndiye aliyempandisha mama kutoka kwenye chupa chafu mpaka kwenye meza ya kujazia klorokwini ya maji, ile dawa ya malaria ya watoto. Siku za Jumamosi, mama alipofuata posho yake ya sabuni, aliniruhusu niingie naye. Mle ndani mlikuwa na mlango mmoja wenye kufuli na karatasi nyekundu. Nilimwuliza mama kuna nani.

"Kuna dawa," alisema. "Inasubiri jibu."

"Jibu la nani?"

"La Dar es Salaam. Dawa tukishaipika, Dar es Salaam lazima aionje kwanza aseme ni nzuri. Ndipo itoke."

Mama alikuwa akitania, au labda ndivyo walivyosema wao kwa wao kazini. Lakini mimi, ambaye sikuwa nimefika hata Tabora, nilimwona Dar es Salaam waziwazi: bibi kizee mwenye miwani, amekaa kwenye kiti kirefu mwisho wa reli, anaonja kila chupa kwa ncha ya ulimi, hana haraka. Niliishi na bibi huyo kwa miaka kadhaa. Nilimwogopa kidogo.

Mvua za mwaka ule nilipokuwa darasa la pili zilianza mapema zikakataa kwisha. Wiki chache tangu zianze, Bwana Mfinanga aligundua kwamba mizani ndogo ya kupimia unga wa dawa ilikuwa imeharibika. Kitu kilekile asubuhi ilikipima hivi, mchana ikakipima vingine. Alisimamisha kazi siku hiyohiyo. Dawa yote iliyopikwa kwa mizani ile ilifungiwa nyuma ya karatasi nyekundu, na chupa chache za mfano zikapelekwa kwa treni zikapimwe. Ile ndiyo treni ya mwisho iliyotoka Kigoma mjini. Siku mbili baadaye maji yalikula tuta la reli mbele ya Uvinza, nguzo za simu zikalala pamoja nalo, na uwanja wa ndege ukawa tope tupu.

Sasa wakubwa wenzangu mtaelewa kilichotokea, ingawa mimi wakati ule sikukielewa. Zahanati ya Bangwe ilikuwa mita mia tatu kutoka kiwandani, lakini dawa zake hazikutoka kiwandani. Dawa yetu ilipandishwa treni mpaka bohari ya Tabora, ikaandikwa huko, ndipo ikagawiwa, na ile ya Bangwe ikarudi kwa treni ileile. Ndivyo mambo yalivyopangwa, na reli ilipokuwa nzima hakuna aliyeona ubaya wake. Reli ilipokatika, zahanati iliishiwa ndani ya wiki mbili. Maji yaliyotuama yalizaa mbu wa ajabu. Kila nyumba ikawa na mtu chini ya blanketi.

Hamisi alikuwa ameingia mwaka wa tatu. Alikuwa mtoto mnene, msemaji, aliyepiga kelele akikisikia king'ora kwa sababu alijua mama anatoka. Siku alipougua, king'ora kililia na yeye hakuinua kichwa.

Mama alimbeba mpaka zahanati. Mganga alimwonyesha rafu. Zilikuwa zimefutwa vumbi vizuri, hazina kitu. Akampa aspirini na kumwambia amkande kwa maji. Mama akampeleka hospitali ya mjini, wakakuta foleni imetoka nje ya ua, na muuguzi anapita akisema kwa upole, mmoja baada ya mwingine, kwamba sindano zimekwisha. Baba, aliposikia hivyo, alikwenda ufukoni. Alichukua mtumbwi na makasia, akaenda kusini kwenye zahanati ya misheni, mwendo wa siku nzima ziwa likiwa limetulia. Ziwa halikuwa limetulia.

Siku ya tatu ya homa mama alikwenda kwa Bwana Mfinanga. Nilimfuata nikiwa nimeshika pindo la kanga, maana nyumbani nisingeweza kubaki peke yangu. Hamisi alikuwa mgongoni mwake, shingo imelegea. Meneja alitukuta mlangoni mwa ofisi.

"Shikamoo, Bwana Mfinanga," mama alisema, ingawa hawakupishana sana umri.

"Marahaba, Mama Zena. Naona mtoto."

"Naomba chupa moja."

Alivua miwani akaifuta, ingawa ilikuwa safi. "Mama Zena, unaijua dawa ile. Unaijua kuliko hao wote."

"Naijua. Nimeijaza kwa mikono yangu."

"Kujaza, umejaza wewe. Aliyepima unga ni mizani, na mizani ilikuwa inasema uongo. Sijui ilisema uongo siku zipi. Chupa zile zinaweza kuwa sawa. Zinaweza kuwa na dawa mara tatu. Klorokwini ikizidi kwa mtoto mdogo, moyo unasimama. Nikikupa wewe, nitawanyimaje wale wa getini?"

Nikageuka. Kweli getini walikuwa wamejaa wanawake wenye watoto, wameshika waya. Mama Bukuru alikuwa miongoni mwao. Siku hiyo hakuleta mihogo.

Tulirudi nyumbani. Njiani nilimwuliza mama mbona Dar es Salaam hajibu. Alisema, "Hana njia, mwanangu," na mimi nikaelewa kwamba bibi yule hajapata habari. Nikachana karatasi katikati ya daftari langu, nikaandika kwa penseli: *Dar es Salaam shikamoo. Mimi ni Zena wa Bangwe. Mdogo wangu Hamisi anaumwa sana. Tafadhali onja dawa upesi utujibu.* Nikakimbia mpaka stesheni ya mjini peke yangu kwenye tope. Karani wa tiketi alikuwa amekaa mbele ya dirisha lake bila tiketi ya kuuza. Alisoma barua yangu mara mbili.

"Umeandika mwenyewe?"

"Ndiyo."

"Treni hakuna, binti."

"Akija mtu yeyote anayekwenda kwake, mpe."

Aliikunja akaitia mfukoni mwa shati, upande wa moyo. "Nitampa," alisema. Hakucheka, na nimemshukuru kwa hilo maisha yangu yote, nadhani naye alikuwa na watoto wake nyumbani.

Siku ya nne, baada ya swala ya adhuhuri, Bwana Mfinanga alipiga hodi kwetu. Baiskeli yake ilikuwa imejaa matope mpaka kwenye usukani na kifungo cha juu cha shati kilikuwa wazi. Alitoa chupa ndani ya mfuko wa koti, akaiweka chini juu ya mkeka.

"Sikuletei dawa," alisema. "Nimekuletea chupa. Kilichomo sikijui."

Mama aliitazama bila kuigusa. Hamisi alikuwa amelala kwenye kanga ya kazini, nilimfunika mimi mwenyewe, kwa sababu nilikuwa bado naamini ile harufu. Alikuwa ameanza kukaza meno, na macho yanapanda juu.

"Ikiwa imezidi?" mama aliuliza.

"Nimeshakwambia."

"Na nisipompa?"

Bwana Mfinanga alimtazama mtoto, akatazama mlango.

"Angekuwa wako, kaka yangu?" Hakuwahi kumwita kaka kabla ya siku hiyo.

"Ninao watatu. Wako Same na mama yao." Alitazama ile chupa. "Sijui, dada. Wallahi ningejua ningekwambia. Tangu asubuhi nimekaa na chupa hii mezani. Nimeionja, nikahisi uchungu tu. Sijui."

Bwana Mfinanga alikuwa Mkristo. Alisema wallahi kwa sababu yetu, nadhani, ili tumwamini. Akatoka akakaa barazani, mgongo kwetu, hakuondoka.

Mama alikaa na chupa ile kwa muda mrefu. Aliitikisa jinsi anavyotikisa kazini, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, akaipindua. Kisha akachukua kijiko kikubwa, akamimina kikajaa mpaka ukingoni. Hakumwaga hata tone, maana huo ulikuwa mkono uliojaza maelfu ya chupa. Akakisogeza mpaka kwenye mdomo wa Hamisi, akasita. Akakirudisha. Akainamisha kijiko juu ya chupa, na nusu ikarudi ndani taratibu kama asali.

"Ikiwa ni sumu, nusu haitamuua," alisema. "Ikiwa ni dawa, nusu itamsaidia kidogo." Aliniambia mimi, mtoto wa miaka tisa, kwa kuwa hakukuwa na mwingine wa kuambiwa. Nikatikisa kichwa kukubali. Nilifurahi hata. Nilidhani wakubwa wakigawanya kitu katikati wamepata haki.

Jioni homa ilishuka, na mama akacheka, akaniambia nichochee moto. Asubuhi homa ilirudi. Bwana Mfinanga alikuja tena, akakaa palepale barazani. Mama alishika kijiko mara ya pili lakini Hamisi hakuweza tena kumeza, dawa ikatoka pembeni mwa mdomo. Alifariki alasiri, mvua ikiwa imekatika kidogo, watoto wenzangu wakiwa wanacheza kwenye mfereji wa kiwanda. Bwana Mfinanga alikuwa mmoja wa waliobeba jeneza. Alikosea pa kusimama, mtu akamshika bega akamwonyesha.

Baba alirudi siku mbili baada ya mazishi. Dhoruba ilikuwa imemfunga kwenye ufuko mmoja huko kusini. Alikuja akikimbia kutoka ziwani, mikono imechubuka, akiwa ameinua kopo la tumbaku juu ya kichwa lisilowane, na kabla hajafika mlangoni akaita, "Nimepata! Nimepata, mama Zena!" Ndani mlikuwa na vidonge vinane. Hakuna aliyetoka kumjibu. Mimi ndiye niliyekuwa uani, na mimi sikujua mtu anaambiwaje jambo hilo, kwa hiyo nilimpokea kasia, nikalisimamisha ukutani kama kila siku. Alinitazama usoni, akakaa chini. Vile vidonge mama alivipeleka nyumba tuliyopakana nayo, kwa bibi aliyekuwa hoi. Bibi huyo alipona.

Treni ilifika wiki ya tatu baada ya mazishi. Bwana Mfinanga hakutuma mtu, alikuja mwenyewe na bahasha. Mama alikuwa akipepeta mchele.

"Ilikuwa sawasawa," meneja alisema. "Chupa zote. Kipimo kamili."

"Kamili?"

"Kamili. Lakini sikiliza, Mama Zena. Hata kijiko kizima, homa ilikuwa imeshampanda kichwani. Huenda kisingesaidia."

"Huenda," mama alisema, akaendelea kupepeta.

Mimi niliyesikia hayo nilihesabu siku kwa vidole. Nilijua jibu lile ni la barua yangu. Bibi wa Dar es Salaam alikuwa ameisoma, akaonja, akajibu, na kama ningeiandika siku dawa ilipofungiwa badala ya siku ya tatu ya homa, lingewahi. Nilibeba hesabu hiyo hadi darasa la nne, mwalimu alipotundika ramani na kutuonyesha Dar es Salaam kwa fimbo, kitone cheusi kando ya bahari. Wenzangu wakaandika kwenye madaftari. Mimi nililia mpaka nikapelekwa nje, na sikuweza kumweleza mtu nalilia nini.

Mlango wenye karatasi nyekundu ulifunguliwa. Wanawake walipanga mstari kutoka ghalani hadi kwenye lori, wakapitisha masanduku mkono kwa mkono, na mama alikuwa katika mstari huo. Bwana Mfinanga alimwambia apumzike, akakataa. Hakuna sanduku lililoanguka siku ile. Dawa ilikwenda Tabora, ikaandikwa, na baada ya siku kumi na moja ya Bangwe ikarudi Bangwe. Mwaka uliofuata kiwanda kiliongeza jengo la nne, na uzio ukasogea tena.

Siku ambayo zahanati ilianza kugawa, mtoto wa Mama Bukuru aliyeitwa Yoramu alikuwa na homa. Mama alitoka kazini, hakupitia nyumbani, akaenda moja kwa moja kwao. Alikuta Mama Bukuru ameshamimina. Mara hii chupa ilikuwa na muhuri na karatasi yake, lakini nani alikuwa na imani tena? Dawa haikufika hata nusu ya kijiko.

"Kijaze," mama alisema.

"Naogopa, dada."

"Najua. Kijaze."

Mama Bukuru hakuweza. Mama akamchukua kijiko, akajaza mpaka ukingoni, akaniambia nishike miguu ya Yoramu. Mtoto alipiga kelele, akatema yote kifuani. Mama alifuta kwa kiganja, akajaza tena, akambana pua, akamimina, akamfunika mdomo mpaka tukaona koo linapanda na kushuka. Kisha hakuinuka. Alikaa pale na kijiko mkononi akimtazama Yoramu mpaka jasho lilipoanza kumtoka mtoto yule kwenye paji la uso. Mama Bukuru akaanza kushukuru kwa Kiha, maneno mengi ya haraka, na mama akasimama katikati ya maneno hayo, akauliza kama nyumba ya pili nako kuna mtoto anayeumwa.